Mzigo Ukivunjika Njiani, Nani Atoe Maelezo?

Mwezi Desemba, miaka miwili iliyopita, nilimnunulia mama yangu runinga ya inchi 43 katika duka moja la Kariakoo. Ilijaribiwa mbele yangu, ikaonyesha picha safi, ikarudishwa ndani ya boksi lake pamoja na vikinga vyake vyeupe vya povu gumu, kisha nikaipeleka mwenyewe katika ofisi ya vipeto ya kampuni moja ya mabasi yaendayo Songea. Nililipa shilingi 25,000, nikapewa stakabadhi, na karani akaandika kwa kalamu nene juu ya boksi jina la mama, namba ya simu na neno KIOO. Kesho yake mdogo wangu aliichukua stendi, akasaini daftari, akaipakia kwenye bajaji hadi nyumbani. Ilipowashwa, sauti ilitoka vizuri, lakini upande wa kushoto wa kioo palikuwa na doa jeusi lililotawanya mistari mfano wa utando wa buibui. Aliporudi ofisini jioni ile ile alipewa majibu matatu: kwamba ameshasaini kupokea, kwamba hakuna ajuaye kama runinga ilipakiwa ikiwa nzima, na kwamba asome maandishi ya nyuma ya risiti, yanayosema mzigo husafirishwa kwa hatari ya mwenye mali.

Majibu hayo hayakubuniwa siku ile. Ni majibu ya kazi, yanayotolewa kwa sauti ya mazoea kwenye madirisha ya ofisi za mizigo kila mkoa, na wengi wetu huyapokea kana kwamba ni sheria, tukashusha pumzi na kurudi nyumbani na hasara yetu. Nimekaa nayo muda mrefu kuliko inavyostahili runinga moja, kwa sababu kadiri ninavyoyachunguza ndivyo ninavyoona kwamba yote matatu yamejengwa juu ya kosa lile lile: yanamtaka mtu ambaye hakuwamo njiani aeleze yaliyotokea njiani. Hoja yangu ni kinyume chake. Aliyepokea mzigo ukiwa mzima na kuutoa ukiwa umevunjika ndiye anayedaiwa maelezo, na akikosa maelezo anadaiwa fidia.

Ili kuona kwa nini jambo hili ni zito, ni lazima kuitazama kazi yenyewe ilivyo. Tunalo Shirika la Posta, lililoanza kujitegemea mwaka 1994 baada ya shirika la pamoja la posta na simu kugawanywa, nalo lina huduma yake ya EMS, ya kusafirisha barua na vipeto kwa haraka. Hata hivyo kipeto cha mfanyabiashara mdogo, kile cha vitenge, vipuri vya pikipiki, simu au vyombo vya jikoni, kwa kawaida husafiri katika buti ya basi la abiria. Basi linaondoka kila siku, tangu mwaka 2023 limeruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, na mpokeaji hahitaji sanduku la barua bali namba ya simu tu. Kariakoo inailisha nchi nzima kwa njia hii, na sina shaka kwamba bila buti za mabasi maduka mengi ya mikoani yangebaki na rafu tupu.

Lakini hesabu mikono. Muuza duka humpa bodaboda, bodaboda humpa karani wa ofisi ya mjini, karani huupakia mzigo katika gari dogo linalokusanya vipeto hadi kituo cha Magufuli kule Mbezi, hapo wapakiaji huuingiza kwenye buti, utingo huupangua na kuupanga upya kila abiria mwenye begi anaposhuka Morogoro, Iringa au Makambako, na mwishowe wakala wa mkoani huushusha na kuuweka stoo hadi mwenyewe aje. Katika mikono hiyo yote, mzigo unaandikwa mara moja tu, nayo ni pale unapolipiwa. Kuanzia hapo hakuna karatasi inayosema nani aliupokea kutoka kwa nani, saa ngapi, na ukiwa katika hali gani. Kampuni inaposema haijui mzigo ulivunjikia wapi, huenda inasema kweli. Ila ujinga huo imeutengeneza yenyewe, kwa kuchagua kutoandika.

Fundi aliyeifungua runinga ya mama aliniambia jambo ambalo sikulijua. Kioo cha ndani cha runinga za siku hizi ni karatasi za kioo ambazo unene wa kila moja haufiki milimita moja. Runinga ikisimama wima, kama ilivyochorwa kwenye boksi lake, uzito na mitikisiko hupita kwenye fremu na kwenye vikinga vya pembeni. Ikilazwa chali na juu yake kukawekwa kiroba cha mchele, kioo hukunjika kidogo kila gari linapopanda tuta, na kati ya Dar es Salaam na Songea kuna matuta ya Mikumi, kona za mlima Kitonga na saa nyingi za kutikisika. Boksi linaweza kufika bila mkwaruzo wowote huku kilichomo kimekufa. Alama zilizochapwa juu ya maboksi, yaani mishale miwili inayoonyesha juu, glasi na mwavuli, ni alama za kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO 780, na ziliwekwa kwa michoro makusudi, ili mpakiaji asihitaji kusoma lugha yoyote. Karani aliyeandika KIOO kwa kalamu nene alithibitisha, bila kujua, kwamba kampuni ilijua imebeba nini.

Sheria inasemaje? Makabidhiano ya namna hii, ambapo mali ya mtu mmoja inakaa kwa muda mikononi mwa mwingine kwa lengo maalumu kisha irudishwe au ifikishwe alikoelekeza mwenyewe, yamewekewa sehemu nzima katika Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ambayo ilitungwa mwaka 1961 kwa kufuata mfano wa Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kiini chake ni kwamba aliyepokea mali lazima aitunze kama ambavyo mtu mwenye busara ya kawaida angeitunza mali yake mwenyewe ya aina, ukubwa na thamani ileile. Kipimo hicho kinanivutia kwa sababu hakimdai msafirishaji miujiza. Kinamuuliza swali ambalo kila utingo anaweza kulijibu: runinga hii ingekuwa yako, unaipeleka kwa mama yako, ungeilaza chini ya kiroba cha mchele?

Waswahili tuna maneno mawili yanayolieleza jambo hili kuliko tafsiri yoyote ya kisheria, nayo ni amana na dhamana. Yote mawili yalitufikia kutoka katika Kiarabu, na wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, walitofautisha tangu zamani kati ya mkono wa amana na mkono wa dhamana: wa kwanza hulipa pale tu alipovuka mpaka au kuzembea, wa pili hulipa mali ikiharibika mikononi mwake hata kama hakuzembea. Waliozungumza sana kuhusu mafundi na wachukuzi walibishana wawaweke upande gani, kwa sababu hao hushika mali za watu wengi kwa malipo na ndio pekee wanaojua kilichotokea walipokuwa nazo. Mjadala wetu wa leo kwenye dirisha la ofisi ya vipeto ni ule ule, isipokuwa kampuni nyingi hazitaki kukaa upande wowote kati ya hiyo miwili. Zinataka malipo ya mchukuzi na kinga ya mpita njia.

Jibu la pili kati ya yale matatu, lile la kwamba hakuna ajuaye ulivunjikia wapi, ndilo linaloangukia pabaya zaidi mbele ya mahakama. Kanuni za mahakama za Uingereza ziliingizwa katika sheria za Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na hukumu zilizofuata baada ya hapo huwa na nguvu ya kushawishi ingawa hazifungi. Kuna moja ya mwaka 1962 ambayo ningependa kila meneja wa mizigo aisome, ya Houghland dhidi ya R. R. Low (Luxury Coaches). Sanduku la abiria liliwekwa kwenye buti ya basi huko Southampton, basi likaharibika njiani, likaletwa jingine, mizigo ikahamishwa, na mwisho wa safari sanduku halikuonekana. Kampuni haikuweza kueleza lilipotelea wapi. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema kwamba mwenye mali akishathibitisha kuwa alikabidhi na hakurudishiwa, ni juu ya aliyekabidhiwa kuonyesha kwamba hakuzembea, akishindwa, analipa. Kutokujua hakukuwa utetezi, kwa sababu mtu aliyekuwa na uwezo wa kujua alikuwa mmoja tu. Badilisha Southampton na Mbezi, badilisha sanduku na runinga, hoja haitikisiki.

Hapo sharti la upande wetu ni moja: lazima tuweze kuthibitisha kwamba mzigo ulikabidhiwa ukiwa mzima. Mimi nilibahatika, kwa kuwa nilikuwa na risiti ya duka ya siku ile ile na shahidi aliyeiona runinga ikiwaka. Watumaji wengi hawana hata hilo, na simu iliyo mfukoni mwao ingeweza kuwaokoa kwa picha tatu: kilichomo kabla ya kufungwa, boksi lililofungwa, na boksi likiwa juu ya kaunta ya ofisi pamoja na stakabadhi yake.

Sasa maandishi ya nyuma ya risiti. Mzigo husafirishwa kwa hatari ya mwenye mali; kampuni haitahusika na kuvunjika, kuvuja, kuoza au kupotea. Watu wengi hudhani kwamba maneno yaliyochapwa na kampuni yana nguvu kwa sababu yamechapwa. Kisheria swali la kwanza si maneno yanasema nini, bali yalimfikia lini mtumaji, na kwa namna gani. Mkataba wa kusafirisha unafungwa pale karani anapotaja bei, mtumaji anapokubali na mzigo unapopokelewa. Risiti hutolewa baada ya hapo, ikiwa imekunjwa, mara nyingi upande wa maandishi madogo ukiwa chini. Mwaka 1940, katika kesi nyingine ya Uingereza, ya Chapelton dhidi ya halmashauri ya mji wa Barry, mtu alikodi kiti cha ufukweni, akapewa tiketi yenye maneno ya kuikinga halmashauri, kiti kikachanika akaumia. Mahakama ilisema tiketi ile ilikuwa ushahidi wa malipo tu, si karatasi ambayo mtu wa kawaida angetegemea kukuta humo masharti ya mkataba. Risiti ya kipeto, kwa macho ya mpeleka mzigo wa kawaida, ni kitu gani zaidi ya hicho?

Sitaki kusema kwamba maandishi hayo hayana uzito wowote. Sheria ya aina hii huacha mlango wa makubaliano maalumu kati ya pande mbili, na wakili wa kampuni atapita hapo. Mtu anayetuma mizigo kila wiki kwa miaka mitano hawezi kusema hakuwahi kuyaona masharti. Ila makubaliano maalumu ni makubaliano, yaani watu wawili wameambiana na kuelewana. Hayawezi kuwa mstari uliochapwa na mmoja na kugunduliwa na mwingine siku ya msiba. Uingereza ilishughulika na jambo hili karibu karne mbili zilizopita, kwa Sheria ya Wachukuzi ya mwaka 1830, iliyotungwa wakati mizigo ikisafiri kwa magari ya farasi. Wenye magari walikuwa wamezoea kubandika matangazo ofisini kwao ya kukana dhamana. Sheria ile iliwapa kitu na ikawanyang'anya kingine. Kwa vitu vya thamani kama saa, hariri na vioo, vyenye thamani ya zaidi ya pauni 10, hawakuwajibika mpaka mtumaji atangaze thamani yake na kukubali kulipa nyongeza. Kwa mizigo mingine, tangazo la ukutani lilikoma kuwa kinga. Naona ndani yake uadilifu ambao sisi bado hatujaufikia, kwa kuwa kila upande ulijua bei ya hatari kabla gari halijaondoka.

Hapa nchini chombo cha kuyapitia maandishi hayo kipo. Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ina mamlaka juu ya mikataba sanifu, ile inayoandikwa na mtoa huduma na kumkuta mlaji ikiwa imeshachapwa. Huduma ya vipeto yenyewe inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambayo hutoa leseni kwa wasafirishaji wa vipeto chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, wakati basi lililobeba kipeto hicho linasimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini. Kwa hiyo mzigo mmoja ndani ya buti moja uko chini ya macho ya mamlaka tatu, na sioni sababu ya hata moja kati yao kuvumilia sentensi inayofuta wajibu wote wa msafirishaji kwa mistari miwili.

Jibu la saini linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa lina ukweli ndani yake. Anayepokea mzigo na kusaini bila kulalamika anajipunguzia ushahidi, na ni haki iwe hivyo. Vinginevyo mtu angevunja chombo chake nyumbani na kukirudisha ofisini. Lakini kuna tofauti kati ya uharibifu unaoonekana na uliojificha, na sheria za usafirishaji duniani zimeitambua tofauti hiyo kwa kuweka siku. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama wake, unampa mpokeaji wa shehena iliyosafiri kwa ndege kimataifa siku 14 tangu kuipokea kutoa taarifa ya maandishi kwamba imeharibika, na miaka miwili ya kufungua madai. Mkataba wa CMR wa mwaka 1956, unaotawala usafirishaji wa shehena kwa barabara kati ya nchi za Ulaya, unatoa siku 7 kwa uharibifu usioonekana kwa macho. Mdogo wangu alirudi siku ile ile, muda wa saa tatu tu tangu aichukue. Daftari alilosaini halikuwa na nafasi ya kuandika hali ya mzigo, wala hakuruhusiwa kufungua boksi pale dirishani, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa na foleni. Saini ya namna hiyo inathibitisha kwamba boksi lilitoka mikononi mwa kampuni. Haiwezi kuthibitisha zaidi ya hapo.

Kuna swali jingine ambalo kwa maoni yangu linawaumiza watu wengi kuliko hata hili langu, nalo ni la anayeuza na kununua kwa mbali. Dada wa Tabora ameona seti ya vyombo kwenye Instagram, amelipa kwa simu pamoja na ya kutolea, muuzaji wa Dar es Salaam ameifunga na kuipeleka kwenye basi, sahani zimefika zimepasuka. Muuzaji anasema yake yaliishia alipokabidhi kwa basi. Kampuni ya basi inamwambia mpokeaji kwamba aje aliyetuma, kwa kuwa jina kwenye stakabadhi ni lake. Aliyetuma akipiga simu anaambiwa mali si yake tena, aje mwenye mzigo. Nimeshuhudia mzunguko huo zaidi ya mara moja, na kila anayezungushwa hatimaye huchoka.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa muuzaji nafasi nzuri kuliko wanunuzi wanavyodhani. Msingi wake ni kwamba hatari hufuata umiliki isipokuwa pande mbili zimekubaliana vingine, na kwamba kumkabidhi msafirishaji mzigo ambao mnunuzi ameagiza utumwe huhesabiwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, kuwa ni kumkabidhi mnunuzi mwenyewe. Maana yake ni kwamba sahani zile zilikuwa za dada wa Tabora tangu zilipopokelewa na karani, na mwenye haki ya kuidai kampuni ni yeye, hata kama jina lake halimo kwenye stakabadhi. Ila sheria hiyo hiyo inamfunga muuzaji kwa jambo ambalo wauzaji wa mtandaoni hawalijui: ni lazima afanye makubaliano ya usafirishaji yanayofaa kulingana na aina ya bidhaa. Akizifunga sahani kwa gazeti moja ndani ya kiroba, akachagua nauli ya chini kabisa na asimwambie karani kwamba ni za udongo, mnunuzi anaweza kukataa kuhesabu kwamba amekabidhiwa, na hasara ikarudi kwa muuzaji. Uingereza, tulikoichukua sheria hii, yenyewe iliiacha kwa wanunuzi wa kawaida: chini ya Sheria ya Haki za Walaji ya mwaka 2015, bidhaa inabaki kwenye hatari ya mfanyabiashara hadi ifike mikononi mwa mlaji, isipokuwa mlaji mwenyewe ndiye aliyemtafuta msafirishaji ambaye muuzaji hakumpendekeza. Ningependa kuona badiliko hilo hapa. Muuzaji anayetuma vipeto 50 kwa mwezi anaweza kubishana na kampuni ya mabasi, na anaweza kuihama. Mnunuzi wa mara moja hana nguvu hiyo.

Nisiwaonee wasafirishaji. Nimeziona ndoo za asali zilizofungwa kwa mfuniko uliopasuka, zikavuja juu ya maboksi ya watu wengine watano. Nimewaona watu wakituma madumu ya samli na kutamka kwamba ni nguo. Sheria inamtaka anayekabidhi mali aseme kasoro anazozijua ambazo zinaweza kumdhuru aliyekabidhiwa au kumwingiza katika hatari isiyo ya kawaida, na asiposema, hasara inayotokana na ukimya wake ni yake, ikiwa ni pamoja na ya wale watano. Ufungaji mbaya wa mtumaji ni utetezi halali kabisa; hata Mkataba wa Montreal unautambua. Ninachodai ni kwamba utetezi huo utumike kaunta, wakati wa kupokea, wakati karani ana haki ya kusema boksi hili halifai, likafungwe upya au silichukui. Kampuni iliyopokea nauli bila kusema neno haiwezi kuligundua tatizo la ufungaji baada ya kilomita 900.

Hoja yao yenye nguvu zaidi ni ya bei, na inastahili kujibiwa kwa hesabu. Kwa shilingi 25,000, wanasema, hatuwezi kubeba dhamana ya runinga ya laki kadhaa. Ni kweli, ikiwa dhamana ni ya kila mzigo bila kujulikana thamani yake. Usafiri wa anga ulilijibu hilo kwa kuweka kikomo: kwa shehena ya kimataifa, fidia haizidi vizio 26 vya SDR, fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa kila kilo, kiwango kilichopandishwa kutoka 22 tarehe 28 Desemba 2024, isipokuwa mtumaji ametangaza thamani kubwa zaidi na kulipa nyongeza inayotakiwa. Kwa runinga ya kilo 10 hiyo ni zaidi ya dola 330, kiasi kinachotosha. Kwa kompyuta mpakato ya kilo 2 ni takriban dola 70, ambazo hazinunui hata kioo chake. Kikomo cha uzito kilibuniwa enzi za magunia na marobota, na kinawapendelea wenye mizigo mizito, huku mali za siku hizi zikizidi kuwa ndogo, nyepesi na ghali. Ndiyo maana nauona mstari wa kutangaza thamani kuwa muhimu kuliko kikomo chenyewe.

Ningekuwa na nafasi ya kuandika sharti moja la leseni, lingekuwa hili: stakabadhi ya kila kipeto iwe na mistari mitatu, thamani iliyotangazwa na mtumaji, hali ya kifungashio wakati wa kupokelewa, na nyongeza iliyolipwa kwa ajili ya dhamana, na kwa mizigo isiyotangazwa kiwekwe kikomo cha fidia kinachojulikana na wote. Nyongeza hizo zingeweza kukusanywa na kukatiwa bima ya mizigo safarini, bima ambayo kampuni zilizosajiliwa na TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, huiuza tayari kwa wenye shehena kubwa. Sidhani kama mtumaji wa runinga angekataa kuongeza shilingi elfu chache. Kinachomuudhi ni kukosa mahali pa kuzilipa.

Kuhusu pa kwenda kulalamika, njia ipo ingawa ni ndefu. Malalamiko huanzia kwa mtoa huduma mwenyewe, kwa maandishi. Yasipotatuliwa hupelekwa TCRA, na asiyeridhika anaweza kukata rufaa Baraza la Ushindani. Mahakama ya mwanzo nayo husikiliza madai ya fedha yanayotokana na mkataba, na kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinamruhusu aliyevunjiwa mkataba kudai hasara iliyotokana moja kwa moja na uvunjaji huo, pamoja na ile ambayo pande zote mbili zilijua, wakati wa kukubaliana, kwamba ingeweza kutokea. Kwa fundi cherehani ambaye mashine yake imefika na mkono uliovunjika, maneno hayo ya mwisho ni ya maana sana: akimwambia karani kwamba mashine ndiyo kazi yake na inasubiriwa, anajijengea msingi wa kudai zaidi ya bei ya chuma. Majirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele kidogo. Ibara ya 46 ya Katiba yao ya mwaka 2010 inampa mlaji haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro za huduma, na Mahakama za Madai Madogo, zilizoanza kazi mwaka 2021, husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya na hutakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Runinga moja inaingia humo bila wakili.

Kampuni iliyobeba mzigo wangu ilinipigia simu baada ya barua ya kwanza, ikajitolea kunirudishia ile nauli ya shilingi 25,000 kwa nia njema. Nilikataa, kwa sababu nauli si kitu kilichovunjika. Barua ya pili niliipeleka kwa mkono, nikiwa nimeambatisha risiti ya duka, stakabadhi ya mzigo na maelezo ya fundi, na ndani yake niliomba wajibu swali moja tu: kati ya Mbezi na Songea, boksi lile lilisimamishwa au lililazwa, na kama lililazwa, juu yake kuliwekwa nini. Waliigonga muhuri wa kupokelewa. Jibu la maandishi bado sijalipata.